Jino la Tromboni

Nilianza kwa kuogopa mahindi ya kuchoma. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kawaida. Nikiyaona kwenye jiko la mkaa pale Sombetini, mtaani kwangu Arusha, yale yenye punje ngumu zilizoungua kidogo, nilinunua nikatafuna huku natembea. Kisha jioni moja niliuma hindi na jino langu la mbele, la juu, likasogea. Halikuuma sana. Lilisogea tu, kama mlango uliousukuma kwa kidole ukakuta kumbe haukufungwa. Nikalirudisha kwa ulimi. Nikalisukuma tena, likasogea tena, na hapo hapo barabarani, katikati ya bodaboda na watu wanaotoka vibaruani, nikalitupa lile hindi.

Mwingine angeogopa kwa sababu ya sura yake. Mimi nilikuwa mpiga tromboni, lile tarumbeta refu lenye bomba la kuvuta mbele na nyuma. Wengi wanadhani sauti inatoka kwenye bomba. Inatoka kwenye midomo inayotetemeka, na midomo haiwezi kutetemeka hivi hivi, inataka kitu cha kuegemea. Kitu chenyewe ni meno mawili ya mbele. Likiondoka moja, mdomo unazama kwenye pengo na pumzi inatawanyika. Nilikuwa nimewaona wazee wa kwaya waliopoteza meno wakapewa kazi ya kugawa vitabu vya nyimbo.

Bendi yetu ilikuwa ya siku nyingi. Tuliianza tukiwa vijana tuliotoroka kwaya ya matarumbeta kanisani, na tulipiga ska-panki, muziki ambao mpaka leo sijapata njia fupi ya kumweleza mama yangu. Asili yake ni Jamaika. Gitaa linadonoa pale ambapo wewe hukutegemea, ngoma zinakwenda mbio kama zimekasirishwa na mtu, na juu ya vurugu hiyo vyombo vya kupuliza vinashangilia kama viko kwenye msafara wa harusi. Mzee mmoja alitusikiliza mpaka mwisho kwenye uwanja wa shule, akasema ni rege iliyokimbizwa na nyuki. Hatujapata maelezo mazuri kuliko hayo. Tuliyachapisha kwenye fulana.

Hatukuwa na meneja wala tajiri wa kutushika mkono. Mpiga ngoma, Mchaga mwenye duka la vipuri mjini, ndiye aliyekuwa na kipanya, kwa hiyo ndiye aliyekuwa dereva, fundi na mwenye neno la mwisho. Mwimbaji wetu alipiga gitaa na kugombana na kila mwenye ukumbi. Mpiga tarumbeta alikuwa mzaliwa wa Oldonyo Sambu, Mwarusha mrefu asiye na maneno mengi, mkubwa wetu sote kwa umri. Yeye ndiye aliyenifundisha kupuliza nilipokuwa binti mdogo wa kwaya. Nilimwita kaka, na kwenye jukwaa nilisimama kulia kwake tangu siku ya kwanza. Besi ilipita mikononi mwa watu wengi, lakini sisi wanne tulikuwa wale wale.

Mimi na kaka tulikuwa na meno ya nyumbani. Maji ya Mlima Meru ni baridi na matamu, ila yana madini yanayoingia kwenye meno ya mtoto kabla hayajaota, na yakiota yanaota na rangi ya chai ya rangi, mengine na vishimo. Ukienda Dar, ukifungua mdomo tu wanakuambia, “Wewe wa Arusha wewe.” Nikiwa shule nilijifunza kucheka mdomo ukiwa umefungwa. Kisha kanisani wakanipa tromboni, nikagundua kwamba hakuna anayemwambia mpiga tromboni atabasamu. Watu husema nilizaliwa na kipaji. Mimi najua nilitafuta pa kuficha mdomo, na muziki ukanikuta humo mafichoni.

Mwaka ule mwimbaji alitaka bango jipya la ziara, na alitaka tucheke sote. Alisema kwenye mabango ya zamani tunaonekana kama watu waliokamatwa na mgambo. Nikaenda kukwanguliwa. Wa huku wanalijua hilo neno. Nyuma ya saluni moja mjini kulikuwa na jamaa mwenye kimashine kinachozunguka na chupa ya dawa isiyo na karatasi ya jina. Alinikwangua meno ya mbele huku redio inaimba, na nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, nikajua kinachoungua ni mimi. Nilitoka na meno meupe kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Nilijitazama kwenye vioo vya magari njia nzima. Kwenye bango nilicheka mpaka ufizi ukaonekana.

“Yanauma?” kaka aliniuliza tulipokuwa tunalitazama.

“Hata kidogo,” nilisema.

Yalikuwa yanauma. Maji ya baridi yaliuma, upepo uliuma, na nikiweka mdomo wa chombo midomoni nilihisi ule ubaridi wa chuma ukipanda mpaka jichoni. Nilivumilia nikidhani yatazoea. Sasa moja lilikuwa linacheza.

Daktari wa meno alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mwenye sauti ya upole iliyonitia hofu zaidi, maana watu wenye habari njema hawahitaji upole. Alipiga picha, akanionyesha mstari mwembamba kwenye mzizi.

“Dada, unafanya kazi gani?”

“Napuliza tromboni.”

Alicheka, akaona sicheki. “Basi usipulize.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka tuling’oe na kuweka lingine. Ukilibana na chuma, litakatika siku yoyote.”

Nikamuuliza kama nitapuliza sawasawa na hilo lingine. Alifikiri kwa haki kabisa, akasema hajawahi kuulizwa swali hilo. Nilimshukuru, nikasema nitarudi baada ya ziara. Wakati natoka nilikuwa nimeshaamua kwamba sitamwambia mtu.

Hofu yangu ilikuwa na sababu. Miaka ya nyuma tulikuwa na dada mpiga saksafoni, hodari kuliko mimi. Akajifungua, akakaa nyumbani, na sisi tukaendelea kupiga. Gitaa likachukua kipande chake hiki, tarumbeta kile. Aliporudi, tulimkumbatia, tukampa kiti, tukaanza mazoezi, na kila alipotaka kuingia alikuta mahali pake pana mtu. Hakuna aliyemfukuza. Alikaa mazoezi mawili matatu akiwa ameishika saksafoni mapajani kama mkoba, halafu akaacha kuja, na sisi tukasema kwa masikitiko ya kweli kwamba ulezi umemzidi. Mimi pia nilisema. Sasa nilimkumbuka kila nikigusa jino kwa ulimi, na nilikuwa naligusa mchana kutwa.

Ziara zetu zilikuwa na desturi ambayo hatukuivunja hata mvua ilipotuvunjia turubai. Kila ziara ilianza kwa kupita nyumbani kwa mmoja mmoja wetu. Mkifika kwenu, unakula na familia yako na bendi nzima, halafu unafungua onyesho wewe, peke yako, bila umeme, bila ngoma, mpaka watu wakusanyike. Tuliiita kupiga hodi. Mwimbaji alikuwa anasema mtu asiyeweza kupiga hodi kwao asiende kupiga kelele kwa watu. Kituo cha kwanza mwaka huo kilikuwa Kikwe, kwetu.

Mama alitupokea kama kawaida yake, kwa kuhesabu nani amekonda.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hayo meno umefanyaje?”

“Nimeyasafisha.”

“Mm,” akasema, na katika “mm” hiyo mlikuwa na hotuba nzima.

Alikuwa amepika makande. Punje zilikuwa zimeiva vizuri, lakini kwangu kila punje ilikuwa jiwe. Nilitenga maharage upande mmoja nikameza bila kutafuna, nikiinamisha kichwa. Wenzangu walikula wakicheka. Mimi nilikuwa nasikiliza mdomo wangu tu.

“Mbona unameza kama kuku?” mama aliuliza.

“Nina haraka. Tunaanza sasa hivi.”

“Mficha maradhi, kilio humfichua.”

“Sina maradhi, mama.”

“Haya. Basi tafuna.”

Nilitafuna. Nilitafuna kwa magego, polepole, machozi yakinilenga, mpaka akaangalia pembeni. Nilimkasirikia, kwa kuwa alikuwa sahihi na kwa kuwa alikuwa ameniumbua mbele ya watu. Kaka alikuwa amekaa mkabala nami. Alikuwa ameacha kula.

Nilipiga hodi kwenye uwanja wa kanisa nilikobatizwa. Majirani walikuja na viti vyao, wakulima wametoka shambani na majembe, na mimi nimesimama mbele yao na chuma midomoni kikiwa kimeshikwa kilegelege kama yai. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba sikusikia nilichopiga. Sauti ilitoka nyembamba, yenye pumzi nyingi, na mwimbaji baadaye alisema ilikuwa ya huzuni nzuri, nirudie hivyo hivyo kila mahali. Ngoma zilipoingia nililazimika kubana. Ladha ya damu ikaja, ya chumvi, ya moto. Nilipomaliza nilifuta mdomo wa chombo kwa leso haraka, nikaikunja leso upande mwekundu ukiwa ndani. Nilipoinua macho, kaka alikuwa anaangalia leso. Akageuka kwenda kukunja nyaya.

Tulilala kwa mama. Asubuhi nilikwenda kuoga, nikachukua muda mrefu bafuni nikisukutua maji ya chumvi na kujitazama kwenye kioo kidogo cha mfukoni. Jino lilikuwa limeshuka kidogo, refu kuliko mwenzake. Niliporudi niliwakuta wenzangu wamekaa uani kimya, kimya cha watu ambao hawakuwa kimya muda mfupi uliopita.

Siku zilizofuata mambo madogo yalianza. Mwimbaji aliondoa wimbo mmoja kwenye onyesho, akisema sauti yake imechoka. Ulikuwa wimbo wenye kipande changu kirefu. Kisha mpiga ngoma akaongeza mwendo wa mwingine, ule mwanzo wangu wa taratibu ukapotea. Kila mabadiliko yalikuwa na sababu yake nzuri, na kila sababu nzuri ilinitoa jasho. Nilihesabu ni noti ngapi nimebakiwa nazo. Nikiwa kwenye kipanya niliketi kiti cha nyuma, kidole nimekiweka juu ya mdomo, nikilishikilia jino tukipita kwenye mashimo. Mpiga ngoma akiniona kwenye kioo nilikisogeza kidevuni nikajifanya nafikiri. Nilimchukia kila mtu mle ndani kwa namna walivyokuwa wananiangalia, halafu nikawachukia zaidi wasiponiangalia.

Oldonyo Sambu tulifika siku ya gulio. Kule nyuma ya mlima upepo hauna adabu, unakuja na vumbi na ubaridi kwa pamoja, na meno yaliyokwanguliwa yanausikia kabla ya masikio. Mbuzi walikuwa wanashushwa kwenye magari, punda wamesimama na madumu mgongoni, akina mama wamepanga viatu na shanga juu ya turubai. Nyumbani kwa kaka walitupa loshoro, mahindi na mtindi, laini kabisa, na nilikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Alinijazia bakuli mara mbili bila kuuliza. Wakati ule nilidhani ni ukarimu tu.

Alipiga hodi vizuri kuliko wakati wowote. Alisimama juu ya kipande cha ukuta uliobomoka na tarumbeta lake likakata ule upepo, na watu waliacha bei zao katikati wakaja. Wazee walisimama na fimbo, vijana na mashuka yao. Nilimsikiliza nikiwa na hofu hata kwa ajili yake, hapo ndipo woga ulikuwa umenifikisha. Kila chuma kwenye mdomo wa mtu kilinitisha.

Kisha jenereta likaunguruma na tukaingia sote. Wimbo wa kwanza nilipita. Wa pili ndio ulikuwa na ile noti ndefu ya juu, ambayo bado hawakuwa wameniondolea, na nilipoiona inakuja nikajiambia nisiifanye mzaha kama zile nyingine, niipige kwa haki, wajue bado nipo. Nikabana. Ndani ya fuvu nikasikia kitu kimekatika, mlio mdogo kama kijiti cha kiberiti. Pumzi ikatoka yote, fuuu, na haikuwa sauti tena.

Ninachokumbuka zaidi si maumivu. Ni kwamba wimbo haukutetereka. Kaka, bila kugeuza hata shingo, aliikamata noti yangu ilipoangukia, akaipandisha kwenye tarumbeta, akaimaliza, kisha akapiga kipande changu kilichofuata, chote, mpaka mwisho. Mwimbaji aliziba pale alipopaacha kaka. Mpiga ngoma aliongeza nguvu. Vijana walikuwa wanaruka, vumbi limewafika magotini, na mmoja akapaza sauti, “Ongeza, kaka, ongeza!” Nilisimama katikati yao na tromboni mkononi na mdomo umejaa damu, na hakuna hata mtu mmoja kwenye gulio lile aliyegeuka kuniangalia. Ile ndiyo hofu yangu, nilikuwa nimeibeba tangu Sombetini, na sasa nilikuwa naiona ikicheza kwa mdundo.

Nilikwenda nyuma ya kipanya nikatema kiganjani. Jino lilikuwa jeupe upande wa mbele. Upande wa nyuma, ambako kile kimashine hakikufika, lilikuwa bado na rangi yake ya chai.

Walinikuta hapo onyesho lilipokwisha. Mpiga ngoma alikuwa na chupa ya maji na kitambaa safi.

“Pole sana, dada. Tulijua.”

“Mlijua nini?”

“Kuhusu jino. Tangu Kikwe. Tukasema tukupunguzie mzigo.”

“Sehemu zangu mlijifunza lini?”

Aliangalia chini. “Pale kwa mama yako. Ulipokwenda kuoga. Tuliziimba kwa mdomo tu, taratibu, usisikie.”

“Mlinizika nikiwa bafuni,” nilisema, na kwa pengo lile maneno yalitoka na mluzi, mwimbaji akakaribia kucheka, nikamtupia chupa. Sikulenga vizuri. Nilikuwa nalia. Nikawaambia waende Longido, waende Namanga, waende wanakotaka, wimbo wao umekamilika. Kaka alisimama mbali kidogo, mgongo umeegemea gari, tarumbeta kwapani. Nilisubiri aseme neno. Alikuwa ameweka mkono mdomoni tu, nikaona basi, na yeye pia yuko nao.

Nilishuka mjini siku hiyo hiyo na gari la mtu aliyekuwa anarudisha mbuzi wasiouzika. Daktari alitoa mzizi uliobaki. Aliniambia nisubiri kidonda kipone ndipo waniwekee jino la bandia, nikakumbuka watu wanavyosema jino la pembe si dawa ya pengo. Nilimwambia. Akasema kwa upole wake ule ule kwamba siku hizi hawatumii pembe.

Kisha nikakaa Sombetini na kusubiri. Tromboni ilikuwa chini ya kitanda na sikuitoa. Niliogopa kuipuliza nikasikia ile fuuu tena. Niliogopa simu ikiita, huenda ni wao wananiambia wamepata mtu, na ikikaa bila kuita niliogopa zaidi, maana watu waliokwisha kupata mtu hawana sababu ya kupiga. Mwimbaji alinitumia salamu za pole zenye vicheko, sikujibu. Siku moja jirani yangu alinionyesha video kwenye simu yake, bendi yangu ikipiga Moshi. Niliitazama yote. Kipande changu kilikuwapo, kwenye tarumbeta, kimekaa vizuri kama kilizaliwa humo. Kulia kwa kaka palikuwa na nafasi ya mtu mmoja mwanzoni mwa video. Mwishoni mwimbaji alikuwa amesogea na pameshajaa. Jirani alisema, “Hawa jamaa wana mzuka, eti? Unawajua?”

Nikasema nawajua kidogo.

Kaka alikuja Jumamosi moja mchana, bila taarifa, tarumbeta kwenye begi lake. Nilipomwona mlangoni nikaona wamemtuma kuniaga. Nilijua jinsi watu wastaarabu wanavyofanya jambo kama hilo. Wanamtuma mkubwa, anakuja mwenyewe, anakunywa chai, anaulizia mama, halafu anasema. Nikamkaribisha, nikachemsha chai, nikachelewa makusudi jikoni. Aliulizia mama. Chai hakuigusa, aliiacha ipoe mpaka ikatanda utando.

“Kaka, sema tu,” nilimwambia. “Mmepata mtu.”

“Lete tromboni.”

“Unataka kumpelekea?”

“Dada. Lete tromboni.”

Niliivuta chini ya kitanda. Ilikuwa na vumbi. Akaniambia niweke mdomo wa chombo upande wa kulia, mbali na pengo, niegemeze kwenye jino lililobaki na lile la pembeni yake. Nikamwambia haiwezekani. Akaniambia nipulize. Ilitoka sauti mbaya, ya kukwaruza, kama ya mtoto wa kwaya siku ya kwanza, lakini ilikuwa sauti. Akatoa tarumbeta, akanipigia kipande polepole, akanipa ishara nikirudie. Nikasikiliza. Kilikuwa kile alichopigia hodi Oldonyo Sambu.

“Hicho si changu,” nilisema.

“Najua. Ni changu. Jifunze.”

“Kwa nini nijifunze chako? Umeshachukua changu, sasa unanigawia chako?”

Nilisema kwa hasira, na nilitaka ajibu kwa hasira, tumalize. Aliweka tarumbeta magotini. Kisha akafanya jambo ambalo katika miaka yote ile sikuwa nimemwona akilifanya. Alifungua mdomo mbele yangu, wazi kabisa, akanionyesha meno yake ya nyumbani, ya rangi ya chai, yenye vishimo, ambayo hayakuwahi kuguswa na kimashine cha mtu. Akalisukuma la mbele kwa ulimi. Likasogea.

Alifunga mdomo.

“Tangu lini?” niliuliza.

“Kabla ya lako.”

“Na wenzetu?”

“Hawajui.” Akafuta mdomo wa tarumbeta kwa leso, akaikunja haraka upande mmoja ukiwa ndani. “Wana mimi peke yangu sasa, nimebeba sehemu mbili, na kila noti ndefu nasikia kama naweka mguu kwenye daraja bovu. Sikuja kukuaga, mdogo wangu. Naogopa. Kabla halijaanguka, nataka vipande vyote viwe kwako, cha kwako na cha kwangu.”

Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania mpira. Chai yake ilikuwa imepoa kabisa sasa, akaiinua, akanywa kidogo kwa upande wa kulia wa mdomo, upande ambao mimi pia nilikuwa nanywea. Halafu akaipiga ile noti ya kwanza tena, fupi, kwa uangalifu mkubwa. Nikaweka chombo mdomoni, upande wa kulia, na nikaanza, nikiwa naogopa kwa ajili ya watu wawili.